Samli kwenye Pampu ya Maziwa

Mwanangu wa kwanza alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, na hakuwa na nguvu ya kunyonya. Aliweka mdomo kwenye titi la mama yake, akavuta mara mbili, akachoka, akalala. Sista wa wodi ya wazazi, katika hospitali ya misheni alikozaliwa, alimtazama kwa siku sita. Siku ya saba akafungua kabati na kutoa kitu ambacho sikuwahi kukiona, ingawa mwaka uleule nilikuwa nimehitimu chuo ng'ambo ya ziwa na kurudi Bukoba nikidhani nimeona mengi.

Ilikuwa pampu ya kukamulia maziwa ya mama. Upande mmoja ilikuwa na mdomo wa kioo uliopanuka kama kengele. Katikati palikuwa na tumbo dogo la kioo la kukusanyia maziwa, na upande wa pili mpira mwekundu wa duara. Unauminya mpira, unabandika mdomo wa kioo kwenye titi, kisha unauachia. Mpira ukirudi katika umbo lake unavuta, na maziwa yanatoka.

"Ninayo hii moja tu," sista alisema. "Mpelekeni mtoto nyumbani, humu wodini kikohozi kimezidi. Mnyweshe kwa kijiko kila baada ya saa mbili. Kioo mkichemshe. Na mama akiumia, mpake kitu laini kidogo kabla ya kuanza."

Kitu laini kidogo. Hakusema kitu gani. Mtu mwingine angeuliza palepale, angejibiwa, na mambo yangeishia hapo. Mimi niliona haya kumuuliza mtawa habari za matiti ya mke wangu, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, kisha nikaondoka na swali hilo hadi nyumbani Kahororo, ambako nilikuwa nikifundisha na kupewa nyumba ya mwalimu.

Siku ya pili tu mke wangu akaanza kuuma meno. Ukingo wa kioo ulikuwa ukimkwangua. Kila mpira ulipovuta, ngozi iliingia ndani ya kioo ikiwa kavu, na ilipotoka ilikuwa nyekundu. Siku ya tatu palikuwa na ufa kwenye chuchu, na maziwa yaliyoingia kwenye tumbo la kioo yalikuwa na uzi mwembamba wa damu.

"Tafuta hicho kitu," aliniambia. "Chochote."

Neno "chochote" halijawahi kunisaidia. Nilichukua daftari na kuandika mafuta yote niliyoyafahamu, na mbele ya kila moja nikaandika hofu yangu. Mafuta ya mgando kutoka dukani: yanateleza vizuri, lakini yangeingia kwenye maziwa na mtoto angeyameza. Mafuta ya nyonyo: mtoto angeharisha, na hakuwa na mwili wa kuharishia. Gliserini: mwenye duka la dawa alikuwa nayo, lakini nilipofika mbele yake, watu watatu wakiwa nyuma yangu, aliniuliza ni ya kazi gani nami nikasema ya pampu ya baiskeli. Akanipa kopo la grisi. Nikalichukua. Nikashukuru.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani na kuoa hapa mjini. Aliniona nimekaa kizingitini na daftari langu, akauliza, nami kwa uchovu nikamwambia.

"Bamia, mwalimu," alisema. "Katakata bamia mbichi, loweka kwenye maji yaliyochemshwa, chuja kwa kitambaa safi. Ule ute mpake. Unateleza kuliko mafuta, na ukiosha kwa maji umekwisha."

"Lakini utakauka haraka."

"Ukikauka unapaka mwingine. Bamia zimekwisha duniani?"

"Nilikuwa nafikiria samli."

Akacheka hadi akashika mlango. "Samli! Mwenzio unataka kumkamua au kumkaanga?"

Nilicheka naye, lakini sikumsikiliza. Sisi Wahaya tuna heshima na samli. Bibi yangu alijipaka samli, mama yangu alipakwa siku aliyoolewa, na nilipozaliwa mimi walinipaka. Bamia zilikuwa kitu cha mchuzi. Niliandika katika daftari kwamba samli ni chakula, kwa hiyo mtoto akiimeza haimdhuru. Niliona ni hoja isiyopingika, nikapiga mstari chini yake. Jumamosi asubuhi nikapanda lori la kahawa lililokuwa likirudi tupu, nikaenda Nshamba kwa mama mkwe, ambaye alikuwa na ndugu wafugaji kule Ngenge na hakukosa samli nzuri.

Kwetu mkwe haongei na mama mkwe wake ovyo. Hamtazamani usoni, hamkai karibu, na mwili wa binti yake hautajwi kabisa kati yenu. Nilikaa sebuleni, yeye akakaa chumba cha pili nyuma ya pazia, na tukazungumza tukiwa hivyo.

"Kasinge, waitu," alinisalimu kwa Kihaya. "Mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea, mama."

"Ananyonya?"

"Anakunywa kidogo kidogo."

Nadhani alikuwa akingoja niseme zaidi. Mimi nikasema nimekuja kuomba samli.

"Ya kula au ya kupaka?"

"Ya kupaka."

"Kupaka nani?"

Jasho lilinitoka. Nilifikiria namna tano za kulisema, na zote zilikuwa na neno titi ndani yake. "Kupaka chombo," nikasema.

Nikasikia kicheko nyuma ya pazia. "Chombo gani kinapakwa samli siku hizi? Ngozi?"

"Kama ngozi, mama."

"Basi ipake kotekote, ndani na nje. Iminyeminye na mikono, uilaze na samli mpaka asubuhi. Ngozi isiyopata samli inakakamaa inapasuka."

Nilishukuru. Alinifungia samli kwenye kibuyu kidogo, na juu yake akanipa mkungu wa ndizi na salamu nyingi za mjukuu wake.

Nyumbani niliifanya kazi hiyo kwa uangalifu ambao sikuwahi kuutumia hata kwenye mitihani. Niliyeyusha samli, nikaimwaga kwenye maji ya moto, nikaikoroga, nikaiacha igande juu, nikamwaga maji. Nilirudia mara tatu mpaka harufu ya moshi ikatoka. Kisha nikaichuja kwa kipande cha melimeli, kitambaa chepesi cha pamba, na kuiweka kwenye kikombe cha bati chenye kifuniko. Ilikuwa nyeupe, laini, haina chumvi wala harufu.

Na ilifaa. Lazima niliseme hili pia, kwa sababu ni kweli. Nilimpaka mke wangu kuzunguka chuchu kwa kidole, nikapaka ukingo wa kioo, yeye akauminya mpira na kuuachia, kisha akafumbua macho akanitazama kwa mshangao. Haikuuma. Maziwa yalipanda hadi nusu ya tumbo la kioo. Kwa siku nne mtoto wetu alikunywa vijiko vingi kuliko alivyowahi kunywa. Siku ya nne alifumbua macho yote mawili na kunikazia mimi, akanikunjia uso kama mzee anayedai jambo. Mke wangu alicheka. "Anakuuliza umesoma mpaka wapi," alisema.

Sikutosheka na hilo. Mpira ule mwekundu ulikuwa mgumu kidogo kuuminya, na mkono wa mke wangu ulikuwa ukichoka. Nikakumbuka maneno ya mama mkwe, nikakumbuka na ngozi za ng'ombe nyumbani kwa bibi yangu, zilizopakwa samli mpaka zikakunjika kama kitambaa. Kwa hiyo kila jioni, baada ya kukamua mara ya mwisho kabla ya kulala, niliuchomoa mpira kwenye kioo, nikaupaka samli ndani na nje, nikauminyaminya, nikauacha umelala na samli yake. Kila tulipouhitaji nilikuwa nikiufuta na kuurudisha. Asubuhi ya kwanza ulikuwa laini zaidi. Nilifurahi. Asubuhi ya tatu ulikuwa laini sana.

Nilisoma kemia miaka miwili. Nilifundishwa kwamba mafuta huula mpira. Nililiandika jambo hilo kwa mkono wangu, nikalijibia swali, nikapata alama. Sijui lilikuwa wapi kichwani mwangu jioni zile. Nimelitafuta sana. Nadhani lilikaa upande wa chuo, na bibi yangu na ngozi zake walikaa upande wa nyumbani, na mimi nilikuwa sijawahi kuwakutanisha.

Siku ya tano mpira ulivimba na kunata vidoleni. Mke wangu aliuminya, akauachia, nao ukabaki umebonyea vilevile. Aliuminya tena. Ulikaa kiganjani mwake kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

"Umekuwaje huu?" aliuliza.

"Umechoka," nikasema. "Naenda hospitali."

Niliendesha baiskeli bila kupumzika njiani. Sista aliushika mpira, akaunusa, akanitazama.

"Umeupaka nini?"

"Samli."

"Mpira?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema ataandika barua Kampala, na mpira mwingine utakuja na meli. Wakati huo tukamue kwa mikono, na kama mtoto anaweza kurudishwa wodini, arudishwe.

Tulikamua kwa mikono. Matiti yalikuwa yamejaa na kuwa magumu, ule ufa wa zamani ukafunguka, na ikifika jioni mke wangu alikuwa na homa. Jirani yetu alikuja na maji ya moto na vitambaa, akamkanda, akakamua kwa vidole vyake vizoefu huku akimsemesha polepole. "Vumilia, binti yangu. Vijiko viwili tu. Kimoja hiki hapa." Vilipatikana vijiko viwili, baadaye kimoja, na baadaye mke wangu hakuweza kuguswa. Tulimrudisha mtoto hospitali asubuhi yake. Sista alimjaribu na maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Aliyatapika. Siku ya pili hakutapika, kwa sababu hakumeza.

Alifariki saa za mchana, sista akiwa amemshika, kwa kuwa mimi nilikuwa nimetoka nje kuuliza siku ya meli.

Nilimuuliza sista kama ni mpira. Alisema mtoto alikuwa mdogo sana, kwamba amezika wengi wa ukubwa ule waliopata maziwa yote waliyoyahitaji. Nilimuuliza tena. Akasema, "Mwalimu, hilo silijui, na wewe hutalijua." Nimelipima jibu hilo kwa kila upande. Kuna siku linanifariji, na kuna siku naona aliniambia ndiyo kwa upole.

Tulimzika Nshamba, kwenye kibanja cha mama mkwe, katikati ya migomba yake, kwa kuwa mimi nilikuwa bado sina kibanja. Baada ya watu kupungua, mama mkwe aliingia chumba alichokuwa amelala binti yake, akaiona pampu juu ya kitambaa. Mke wangu alikuwa ameichukua bila kuniambia. Mama mkwe akatoka nayo mkononi, akasimama mbele yangu, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nioe.

"Hiki ndicho chombo?"

"Ndicho, mama."

"Ulipokuja hapa kuomba samli, kilikuwa hiki?"

"Ndiyo."

Aliigeuza, akaugusa ule mpira ulionata, akaupangusa mkono kwenye kanga. "Ungetaja titi la mwanangu," alisema, "ningefunga mzigo siku ileile. Nimekamua wazazi wangapi mimi kwa mikono hii." Kisha akakumbuka nani amesimama mbele yake, akainamisha macho, akarudi ndani.

Mpira mpya ulifika wiki iliyofuata. Nilikwenda kuuchukua hospitali na kuupeleka Nshamba, mke wangu alikobaki, kwa sababu maziwa hayakuwa na habari ya msiba. Yaliendelea kujaa. Mke wangu alikuwa akilala na kanga iliyolowa, na mama yake alikuwa amesema yapunguzwe kidogo kidogo, yasije yakaoza ndani. Nilitoka Bukoba na bamia mfukoni. Nilizikatakata mwenyewe jikoni kwa mama mkwe, nikaziloweka, nikachuja kwa kitambaa, na ute ukatoka mwingi, mwepesi, hauna rangi. Niliuonja. Haukuwa na ladha ya kitu chochote.

Nilimpelekea kwenye bakuli. Alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta. Nilipiga magoti, nikamwambia yale niliyokuwa nimeyapanga njia nzima: kwamba mpira haukuchoka, kwamba niliuharibu mimi kwa samli, kila jioni, kwa mikono yangu, na kwamba nilipaswa kujua.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuona," alisema. "Ile jioni ya kwanza. Nikataka kukuambia mpira si ngozi. Nikasema moyoni, huyu amesoma, atakuwa anajua."

Nilimsogezea bakuli. Alichovya vidole kwenye bakuli, akajipaka. Kisha akachukua pampu na kuniomba nitoke nje.