Filme Iliyokwama Kabambare

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya sinema, pale Kasongo, Bwana Operateri alinipa kitambaa cha pamba akaniambia: "Filme inashikwa pembeni. Ukigusa katikati, watu wataona kidole chako juu ya uso wa bibi-arusi." Niliogopa kidole changu kwa siku nyingi.

Ninyi vijana munafikiri picha zinatembea zenyewe. Wapi! Kulikuwa na gurupu, ndiyo mota ya kutengeneza umeme. Kulikuwa na bobini, magurudumu ya chuma ya kuzungushia filme. Filme ikikatika, unakwangua ncha mbili, unapaka kole, gundi yake, unapuliza. Tulipakia yote ndani ya kamio, lori yenye kufungwa pande zote, tunakwenda mpaka Lusangi kuonyesha watu namna ya kulima pamba. Pahali pengine walitukimbia. Waliona kamio bila dirisha, wakaona taa kali, wakapiga kelele: batumbula! Ilisemekana batumbula wanakamata watu na kuwanyonya damu kwa faida ya Wazungu. Sisi tulicheka mpaka mbavu zinauma. Kicheko kile kilikuja kunitokea puani.

Kisha nikahamishwa Kabambare, kwenye serkle, nyumba ya Wazungu ya kunywea na kucheza karata. Mukubwa wangu sasa alikuwa Bwana Administrateri, Muzungu mwenye kutawala pale, mutu murefu wa maneno mafupi. Musimu mumoja wa mvua ikafika filme ya muzee mwenye kunywa damu. Wazungu waliiona, wakaiona tena, wakachoka nayo. Kuirudisha Kasongo haikuwezekana, mvua ilikuwa imebeba kilalo, daraja la mutoni.

Sasa, filme ikilala ndani ya kopo wakati wa mvua inaota ukungu, picha zinaliwa. Dawa yake ni kuipitisha kwenye mashini ipate joto. "Utaipitisha kila juma mpaka njia ifunguke," Bwana Administrateri akaniamuru. Basi kila juma, chakula cha muchana kikiisha, nilifunga mulango na madirisha ya serkle, nikawasha taa ya mashini, nikakaa peke yangu katikati ya viti vya Wazungu.

Jamani, niliipenda ile filme! Yule muzee alikaa kwenye nyumba kubwa ya mawe, juu ya mulima. Watu walimukimbia, na walikuwa na haki, alikunywa damu kweli. Lakini kila magaribi alitandika meza, akapanga sahani za ndugu zake waliokufa zamani, akakaa kungojea. Hakuna aliyekuja. Kwetu mutu anakula peke yake akiwa mugonjwa ao mulozi. Ndugu zangu wote walibakia Kasongo, na pale kwenye zile sahani nililia kila mara, hata nilipojua zinakuja.

Nikatamani mutu mumoja tu aione pamoja na mimi: Feza, bibi yangu. Nikamuendea Bwana Administrateri.

"Filme hii ni ya Wazungu," akajibu.

"Lakini mimi ninaiona, Bwana."

"Wewe unafanya kazi. Yeye angekuwa anaangalia sinema."

Basi nikamusimulia Feza kwa kinywa. Nilijifunika blanketi, nikapanga sahani zetu chini, nikafanya sauti ya yule muzee. Feza hakucheka.

"Na wewe unamupenda huyo mutu?"

"Ninamuhurumia."

"Ananyonya watoto wa watu, na wewe unamuhurumia!"

Kule kwenye maji wanawake wenzake wakamuongezea: bwana yako anajifungia ndani muchana, kumbe analisha mutumbula wa Wazungu. Feza akafunga vitu vyake, akarudi kwa baba yake, kijiji cha Wamaza.

Nikamufuata kwa miguu. Baba mukwe alinipokea vizuri, tukala. Kisha akasema: "Mukwe, sina tusi kwako. Acha ile kazi, na mutoto atarudi pamoja nawe."

Feza akasema toka nyuma ya mulango: "Mimi sisemi wewe ni mutumbula. Lakini mwenye kumulilia chui, siku moja atamufungulia zizi."

Nilirudi Kabambare mbio kuomba ruhusa ya kuacha. Bwana Administrateri hakuinua hata macho. "Ulitia kidole kwenye kontra, karatasi ya mapatano ya kazi. Ukitoka mbele ya wakati, utafungwa buloko." Nikatuma salamu Wamaza: muningojee, kontra itaisha. Nilikuwa ninamupenda Feza, na kamba ilikuwa shingoni.

Hawakungoja. Muchana mumoja nilitoka serkle nikakuta mbuzi zimefungwa kwenye mulango wangu. Nilizitambua, ni zile nilizowapelekea wazazi wa Feza. Kwetu mahari ikirudi, ndoa imekufa, hakuna haja ya kuongeza neno. Nilizikatia majani. Juma lililofuata nikaipitisha filme tena, maana mvua ilikuwa haijaisha.

Njia ilipofunguka filme ikaenda, na kontra ilipoisha na mimi nikarudi Kasongo. Nilitumikia wakubwa wengine, wakali na wapole, na sikuoa tena. Nilipumzishwa kazi Wabelgiji waliotutawala wakiwa hawajaondoka bado. Mukiniuliza kama kazi ilikuwa nzuri, nitawajibu ilikuwa nzuri, na upweke wake ulikuwa mubaya sana. Musichague moja bila kujua inakuja pamoja na ingine.

Katika siku zile za kwanza za mapumziko nikakutana na Feza kwenye soko la Kasongo. Amekuja kuuza mawese, nywele zimeanza kuwa nyeupe, bwana yake anafunga muzigo upande ule. Tulisalimiana kwa heshima, tukaulizana habari za wafu. Akaweka kibuyu chake cha mawese chini. Kisha:

"Yule muzee wako wa filme. Alikufa namna gani?"

"Jua lilimukuta mezani, akingojea, likamuunguza."

"Masikini. Hakukuwa hata mutu wa kumulilia?"

"Mimi nilikuwa."

Akanitazama. "Ndiyo," akasema. "Wewe ulikuwa."

Bwana yake akamwita, Feza akainama kuchukua kibuyu chake, akaenda. Ni yeye peke yake, katika maisha yangu yote, aliyeniuliza mwisho wa ile filme.