Siku Suzanne Aliposema Ni Kweli

Suzanne ni wifi yangu. Anashona nguo mtaa wa Panda, kwenye kibaraza cha nyumba ya kambi ya zamani ya wafanyakazi, na tangu mwaka juzi anaandika pia. Mimi nilimcheka. Sare za shule zimejaa mezani, yeye amekaa na daftari! Akaniambia watoto wake hawamjui babu yao, na asipoandika yeye, hakuna mwingine atakayewasimulia. Hapo nikaacha kucheka.

Baba yake, mzee Georges, alikuwa mchimbaji wa shaba Kamatanda. Shimo lilimfukia mzee huyo wakati Suzanne alikuwa na miaka kumi na miwili.

Maandishi ya kwanza yalikuwa mabaya, tusidanganyane. Ukurasa mzima alieleza maisha ni nini na kifo ni nini, mzee mwenyewe hajatokea hata kivuli. Alimsomea Bénie, rafiki yake tangu shule ya msingi, naye akapiga miayo waziwazi. Lakini Bénie alikuwa na sikio. Alimuuliza asubuhi ya siku ya kifo baba yake alifanya nini hasa. Suzanne akafikiri, akakumbuka: mzee alikuwa ameshafika barabarani, akarudi, akaonja sombe, mboga ya majani ya muhogo, jikoni, akasema, "Muongeze chumvi," akaenda zake. Bénie akamwambia aanze hapohapo, na akishataja chumvi anyamaze kidogo.

Mwaka mzima, kila Alhamisi, Suzanne alisoma kwa sauti na Bénie akasikiliza. Palipomchosha Bénie palikatwa. Maneno ya mahubiri yakapungua, mikono ya mzee ikaonekana, na kikohozi chake, na namna alivyokwaruza matope viatuni kwa kijiti. Haba na haba hujaza kibaba. Siku niliposomewa mimi, nilikwenda kutazama chungu ambacho hata hakikuwa motoni, maana sipendi watu wanione nikilia. Hervé wa redio ya mtaa naye aliposikia habari zake, akamwalika asome hewani siku ya Jumamosi.

Jumapili kabla ya hapo tulikuwa kanisani. Kwetu mtu hatoi ushuhuda peke yake. Husimama na shahidi aliyemshika mkono, na kabla hajafungua kinywa, mchungaji humuuliza shahidi kama yatakayosemwa ni kweli. Bénie alimwomba Suzanne awe shahidi wake. Suzanne alidhani ni habari ya Divin, mtoto wa Bénie, aliyekuwa amepona homa. Akasema "Ni kweli" kwa sauti ya kujivunia, kanisa zima likaitika amina.

Bénie akaanza. Baba yake, alisema, alikuwa ameshafika barabarani, akarudi, akaonja sombe. Akaendelea na kijiti, kikohozi, shimo la Kamatanda, vyote. Alipofika kwenye chumvi akanyamaza, kidogo tu, kama alivyomfundisha mwenzake. Akina mama walilia mpaka vitambaa vikalowa. Suzanne alikuwa bado ameshikwa mkono. Mimi nilikuwa benchi la tatu, najua ni baba wa nani, nikakaa kimya. Nasema hivyo nisijifanye mtakatifu.

Nje Suzanne alimuuliza kwa nini. Nilitegemea akane. Hakukana.

"Weye iko na ma histoire mingi," Bénie alisema, yaani hadithi. "Minye iko na nini? Baba yangu, hata sura yake sijue. Nawe ulisimama pembeni yangu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Ningalimrarua, lakini Suzanne alinivuta tukaenda.

Siku ya Jumatano Hervé alifika kibarazani. Mama yake Hervé alikuwa kanisani Jumapili ile, akamsimulia yote. Aliongea kwa heshima, macho chini, na heshima hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

"Mama Suzanne, ile histoire ni ya Bénie. Weye mwenyewe ulisema ni kweli."

Suzanne alimweleza kwamba alikubali kabla ya kusikia. Hervé akauliza, sasa alishuhudia uongo mbele ya Mungu? Akafuta mwaliko wa Jumamosi. Akamrudishia Suzanne daftari alilokuwa amelichukua kulipitia, na Suzanne akaliweka chini ya vitambaa, akakanyaga cherehani.

Binti yake wa miaka tisa alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni. Akaja akamuuliza, babu alikufa namna gani?

Suzanne hakuinua macho.

"Enda kuuliza mama Bénie," alisema.