Orodha ya Wasiopigiwa

Siku yangu ya kwanza, mwaka 2015, kiongozi wa timu alinivisha hedifoni, akanipa skripti, yaani maneno ya kumsomea mteja, kisha akaniacha. Nilikuwa na miaka hamsini na sita. Wenzangu katika chumba kile cha simu, mtaa wa Bertrams, walikuwa rika la mwanangu. Saa ya kula walizungumza Kizulu harakaharaka, nami nikala mkate wangu nikitazama ukuta. Tuliwauzia wageni wa Johannesburg bima ya mazishi, pamoja na gharama za kurudisha maiti kwao. Mimi mtu wa Tanga nikapewa wateja wa Kiswahili.

Msidhani tulipiga ovyo. Siku za kazi tulianza saa mbili asubuhi na kukoma saa mbili usiku. Jumamosi saa tatu hadi saa saba mchana. Jumapili na sikukuu hatukupiga kabisa. Kila asubuhi ilibidi kusafisha orodha: kulinganisha namba mpya na za watu waliokataa kupigiwa, na kuzitoa zilizofanana. Aliyekataa hapigiwi tena, hata mkurugenzi atake. Baada ya mwaka nikakabidhiwa kazi hiyo, maana wengine waliiona inachosha. Mimi niliipenda.

Shida ilikuwa watu wa kwetu. Mtu wa pwani hakwambii hapana. Atakuuliza habari za nyumbani, atakuombea dua, kisha aseme, "Nipigie kesho, Mungu akipenda." Kompyuta inaandika: apigiwe kesho. Nikamwendea mkaguzi wa ubora, mama mkali aliyesikiliza rekodi zetu zote, nikamwambia hao wamekataa.

"Una hakika, Mzee?"

"Ningekuwa mimi, ningekuwa nimekataa."

"Basi akisema hivyo mara tatu, mtoe. Lakini jina litakaloandikwa hapo ni lako."

Nikavimba kichwa wiki nzima.

Ndipo nikampigia Mama Furaha, fundi cherehani wa Rosettenville, mzaliwa wa Lubumbashi. Bima hakununua. Aliniuliza kama nimekula, akanieleza gauni la harusi lililokuwa likimsumbua kushona mikono, akamaliza, "Nipigie kesho, papa," yaani baba. Siku ya pili hivyohivyo. Nilikuwa naishi peke yangu Troyeville. Mke wangu alishafariki, na mwanangu, aliyezaliwa hukuhuku, alinijibu kwa Kiingereza cha maneno mawili. Nakiri kwamba asubuhi ya tatu nilinyoa ndevu kwa ajili ya simu. Akasema vilevile: nipigie kesho. Nikamtoa. Kanuni nilikuwa nimeiomba mwenyewe. Ningeivunjaje kwa raha yangu?

Nilimkumbuka zaidi ya ilivyofaa kwa mtu niliyezungumza naye mara tatu.

Miaka ikapita. Wiki yangu ya mwisho kazini, mwaka 2019, simu iliingia kutoka nje, nami nikaijua sauti kabla hajajitaja.

"Papa, juu ya nini ulinyamaza? Nilikuambiaka unipigie kesho. Nilingojaka."

Nikamweleza kwamba nilidhani amekataa kwa adabu.

"Eish, papa. Sisi kama hatutaki, tunasemaka hatutaki."

Nikamwomba asubiri, nikamkimbilia mkaguzi. "Akiomba mwenyewe, kwa sauti yake, kwenye rekodi, mrudishe," alisema. Nikarudi nikasoma swali kama lilivyoandikwa: je, anakubali kupigiwa tena na kampuni?

"Atakayepiga ni weye?"

Ningeweza kumdanganya. "Hapana, mama. Ijumaa ninastaafu. Atapiga mwingine."

"Basi niache palepale," akasema, akaniaga vizuri, akakata.

Nikaandika: mteja amekataa.

Ijumaa nilipewa keki, na mkaguzi akatangaza kwamba tangu nishike orodha hakuna aliyewahi kulalamika kwamba amepigiwa baada ya kukataa. Najivunia hilo mpaka leo, na ninyi mnaoingia kazi hii nawaambia mlishike: mtu ana haki ya kuachwa. Namba ya mteja nayo ni ya mteja, huondoki nayo, nami sikuondoka nayo.

Ila hakuna sheria hata moja iliyonizuia kumpa Mama Furaha namba yangu. Hilo lilinijia Jumatatu, nimeshakaa nyumbani.