Nyumba ya Boksi la Ndagala

Juzi, dukani Rumonge, nilimwona binti akipinda karatasi ngumu, akichagua ya kujengea kijumba cha mfano. Nikamwambia ainuse kwanza.

Utotoni nilichagua maboksi ya sokoni kwa kuyagonga. Moja lililia kama ubao, nikaamini ndilo nene kuliko yote. Kumbe lilikuwa jembamba, limekakamaa tu kwa maji ya ndagala, dagaa wa ziwani, yaliyolikaukia.

Nikajenga nyumba. Dada yangu Zaina akaziba pua: “Iyo nyumba yako iko inanuka!”

“Una wivu,” nikamjibu.

Siku wazazi wa kijana walipokuja kumposa Zaina, niliiweka mezani, kando ya chai. Mama wa kijana akaisifu, akafungua kamlango. Funza wakamtambalia kidoleni. Ndipo akatazama chai yake, aliyokwisha kuinywa nusu. Wawili walikuwa wakielea.