Miaka Tisa ya Kola

Msinitulize. Kila nikisimulia habari za wifi yangu, watu huniambia, "Punguza jazba, yameshapita." Yamepita kwa nani?

Wifi kaolewa na kaka yangu, kibarua wa ujenzi ambaye leo ana kazi, kesho hana. Siku moja akatokea mtu mtaani kwetu, suti imemkaa, maneno matamu, akitafuta akina mama wa kuwafundisha ushonaji. Miezi mitatu ya mafunzo, alisema, kisha ajira, na umaskini mtauaga. Tukamwita Mwalimu. Tukaenda wawili, mimi na wifi, tukapewa cherehani zilizotazamana.

Karakana ilishona mashati ya shule, lakini Mwalimu hakutufundisha shati. Wifi alifundishwa kola, basi. Mimi mikono. Mama Pacha, aliyekaa dirishani, alipewa mifuko na vifungo. "Kila mtu na chake," Mwalimu alisema, "ndiyo siri ya kazi nzuri." Siri ya kutufunga miguu! Unayejua kola peke yake utakwenda kuomba kazi wapi?

Miezi mitatu ikawa miaka tisa. Mkataba hakuna, likizo hakuna, na tulitoka giza limeshaingia. Ukidai chochote, jibu lilikuwa moja: "Nyie bado wanafunzi." Mwanafunzi gani ana mvi?

Binti wa wifi alikuwa na miaka miwili tulipoanza. Nani angemlea, na mama yake yuko kwenye cherehani kutwa? Akapelekwa kwa bibi yake, ng'ambo ya mji, akakulia huko. Wifi alimwona Jumapili tu. Mtoto alipojua kuongea, akamwita bibi yake Mama, na mama yake mzazi akamwita Mama Jumapili. Watu walicheka, wifi naye akacheka. Akifika kwake alijifungia chumbani.

Mwaka jana ikafunguliwa karakana nyingine nyuma ya soko. Mkataba wa maandishi, likizo, na saa kumi jioni kila mtu yuko nje. Sharti ni cheti, na cheti unakipata chuo cha ufundi: unapewa vipande vilivyokatwa, unashona shati zima mbele ya msimamizi.

"Nikiipata hii kazi, namrudisha mwanangu nyumbani," wifi akaniambia. Akaomba ruhusa ya hospitali, akaenda kwenye mtihani.

Shati alilorudi nalo nililiona. Kola, weee! Ingemfaa bwana harusi. Chini ya kola, msiba mtupu: mkono wa kulia kauweka kushoto, wa kushoto kauweka kulia. Ukilivaa, mabega yanavutwa nyuma kama umekamatwa. Msimamizi alimuuliza, "Mama, miaka tisa ulikuwa unafanya nini?"

Nikaanza kumporomoshea Mwalimu matusi. Wifi akanitupia lile shati mapajani.

"Mwache Mwalimu kwanza. Mikono ni kazi ya nani?"

"Yangu."

"Miaka tisa tunatazamana, wifi. Ulishindwa nini kuniambia mkono una mbele na nyuma?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliogopa, ndiyo. Nilidhani akiijua mikono atachukua nafasi yangu. Mwalimu alinifanya kufuli lake, nami nikakubali. Hasira hiyo ninayo mpaka leo, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Kesho yake, saa ya chakula, nikatoa mabaki ya kitambaa. Nikamwonyesha vile vikato, alama ndogo za mkasi pembeni mwa mkono: viwili ni nyuma, kimoja ni mbele. Mama Pacha akasogea na mifuko yake bila kuitwa. Siku ya tatu Mwalimu akatufuma.

"Mnafanya nini hapo?"

"Tunajifunza," wifi akamjibu. "Si sisi ni wanafunzi?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mwalimu akamfukuza wifi pale pale, hata mkasi wake hakumruhusu kuuchukua. Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, na kwa mara ya kwanza wifi hakwenda kwa mtoto. Tulishinda chumbani kwangu tukishona.

Siku nne. Mikono, mifuko, vifungo, vyote siku nne! Alinyimwa kwa miaka tisa kitu cha siku nne, na aliyemnyima bado anavaa suti na kuhutubia mikutano jinsi anavyowakomboa akina mama.

Wifi alirudia mtihani, akafaulu, kazi akaipata. Jumatano ya kwanza, saa kumi kamili, akatoka na jua bado linawaka. Mimi, niliyekuwa bado kwa Mwalimu, nilishamdanganya kwamba tumbo linaniuma. Tukaongozana hadi kwa bibi. Binti alikuwa anafagia uani, bibi yake kakaa kizingitini anachambua mchele. Mtoto akatuona, ufagio ukamponyoka.

"Mama Jumapili? Kwani leo Jumapili?"

"Leo Jumatano, mwanangu," wifi akasema. "Nimekuja kukuchukua. Tunarudi nyumbani. Kusanya nguo zako."

Mtoto hakusogea. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, kisha akamkimbilia bibi yake na kumshika kanga kwa mikono miwili.

"Mama," akamuuliza bibi huku akilia, "nimekosa nini?"

Halafu mnaniambia yameshapita.