Kiganja cha Fundi

Fundi niliyemchukua anipimie magari hana haraka. Kabla ya kufunua boneti hugonga bodi mara mbili kwa kidole na kusema "hodi", na mtu akicheka humwacha acheke. Haulizi bei wala mwaka. Hulaza kiganja kwenye injini na kufumba macho, kucha zake nyeusi kwa oili ya miaka. Siku hiyo mjane mmoja alikuwa anauza magari mawili ya marehemu mumewe, yote ya aina moja ya kizamani: toleo la mwanzo lenye turbo dogo la kuiongezea injini nguvu, na toleo la mwisho lenye turbo kubwa. Moyo wangu ulikuwa kwenye hilo la mwisho. Ndani ya banda lenye baridi, fundi alilaza kiganja juu ya turbo lake, akakiondoa upesi, kisha akanishika mkono na kuuweka palepale. Lilikuwa la moto.

"Mama, nani ameliendesha leo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna, mwanangu. Mwenyewe ana miezi minane kaburini, na funguo hatukuziona tena. Hata betri nilishaitoa."

Fundi alishusha boneti kwa mikono miwili, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala. "Chukua lile la mwanzo, ndugu yangu," akaniambia bila kunitazama. Kisha akaomba maji, akanawa mkono ule hadi kwenye kiwiko, akarudia tena. Mjane alimmiminia kwa birika. Birika lilipokwisha akasema, "Yule fundi wa juzi naye alinawa hivyohivyo."