Kidole cha Mama Fomu

Mama Fomu ndilo jina ambalo kikundi cha ushonaji kilimpa, kwa fomu zake za ukaguzi, afisa wa wakfu wa kampuni ya saruji, uliowafadhili kwa cherehani sita. Hotuba hazimshughulishi. Kila akifika hupitisha kidole chini ya cherehani, hukinusa, ndipo husalimia. Siku ya kuamua kama wataongezewa nyingine, mwenyekiti aliamuru zisuguliwe tangu alfajiri, zikang'aa kama sahani za wageni. Kidole kikatoka kikavu, bila harufu ya mafuta.

"Dada, hamshoni siku hizi?"

Mwenyekiti akajikuna kisogo. "Tumekusafishia wewe, mama."

Mama Fomu akavua koti, bitana imechanika kwapani. "Basi tieni mafuta, mnishonee."

Aliondoka na mishono sita kwapani, kila cherehani na wake, akinusa kidole cheusi kwa mafuta.